Kutoka Lushoto hadi Mombo: kabichi zinavyonijazia betri

Nashusha mboga kutoka Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, hadi Mombo chini, kwa gari la umeme, Nissan e-NV200 iliyotumika, ya kutoka Japani, na nafika chini nikiwa na chaji nyingi kuliko niliyoondoka nayo Lushoto. Kijiweni wananiambia haiwezekani, basi naandika hapa jinsi inavyowezekana.

Ushauri wa kwanza nilipewa na fundi ninayemheshimu sana: "Kaka, ukianza kushuka tia fri (gia ya N), gari litajiendea bure." Kwa gari la umeme hapo unamwaga hela. Ukitia fri hakuna umeme unaorudi, na kazi yote inabaki kwa pedi za breki. Tia gia ya B, ile ya kurudisha umeme ukishuka, toa mguu kwenye mafuta (bado tunaita mafuta!), na magurudumu yenyewe yanaizungusha mota. Mota inageuka dainamo, gari linapungua mwendo, betri inajaa.

Wa pili aliniambia: "Mlima ule mrefu, jaza mpaka mia ndiyo uondoke." Nikajaza usiku kucha, asubuhi nikapakia karibu nusu tani ya kabichi na karoti. Baada ya Soni, pale barabara inapoanza kujikunja juu ya bonde, B ikawa kama haipo. Natoa mguu, gari linazidi kukimbia. Betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme, kwa hiyo gari linaukataa. Nikashuka kwa breki za kawaida kona baada ya kona hadi harufu ya pedi ikaingia ndani. Nikaegesha, kijana wangu akaja mbio na dumu la maji. Nikamzuia: diski ikiwa na moto vile ukaimwagia maji inaweza kupinda au kupasuka. Tukakaa hadi ikapoa yenyewe.

Hesabu ya mzigo na mteremko niliielewa niliposoma habari za lori la mawe la Péry, Uswisi, linaloitwa eDumper. Ni Komatsu iliyotolewa injini ya dizeli na kutiwa betri ya tani 4.5. Tupu lina uzito wa tani 45, na mzigo wake ni tani 65. Machimbo yako juu, kiwanda cha saruji kiko chini: linashuka limejaa, linapanda tupu. Mzigo ukiwa mzito kuliko gari lenyewe, umeme wa kushukia unaweza kutosha kulirudisha juu. Kwenye shimo la wazi la mgodi wa dhahabu kama Geita mambo ni kinyume, kwa sababu mawe ndiyo yanayopandishwa.

Mimi napakia juu kama wao. Gari langu lina tani moja na nusu na kidogo, mzigo nusu tani, kwa hiyo siwezi kurudi bure. Ila nafasi ya kupokea umeme kwenye betri sasa naiacha makusudi. Naondoka na asilimia 75 hivi, mwendo wa 30 hadi 40, mguu haugusi mafuta wala breki. Usikimbie halafu ukanyage breki kwa nguvu, maana mota ina kikomo chake na kinachozidi kinaishia kwenye pedi kama joto. Kutoka Lushoto hadi Soni asilimia ya chaji inacheza tu palepale. Kutoka Soni kushuka ndipo inapoanza kupanda, moja moja, na Mombo naingia na 80 na ushee. Kimo kinachoshukwa ni kama mita 1,000, na hesabu ya uzito inatoa uniti tano na kitu za umeme kabla matairi, upepo na mota havijachukua chao.

Kupanda tupu kunakula kama asilimia 40. Usiku nachomeka kwenye soketi ya nyumbani kwa muda wa saa tatu hivi, haifiki elfu tatu ya LUKU. Gari la petroli lilikuwa linanila zaidi ya elfu ishirini kwa safari hiyohiyo.

Majirani wakajua narudi tupu, wakaanza kuomba niwapandishie saruji. Mwanzoni nilikataa, kisha nikapiga hesabu: mifuko kumi ya kilo 50 inaongeza uniti moja na nusu hivi, shilingi mia tano au mia sita. Sasa nabeba, kwa nauli, na wanaweka oda tangu jana yake.