Betri Isomayo Sifuri

Hapa Tanga, na hasa kwenye meza za mafundi wa Ngamiani, betri ya lithiamu ya tochi au spika ndogo ikipimwa ikasoma sifuri huhesabiwa kuwa imekufa, na mara nyingi hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Ukiubandua utepe wa njano uliozungushiwa kichwa cha betri, utakuta bodi nyembamba yenye chipu mbili nyeusi, ambazo kwa kawaida ni DW01, iliyo mlinzi mwenyewe, na 8205, yenye transista mbili, yaani swichi za umeme, zilizokaa kwenye njia ya hasi. Waya za kutokea zitasoma sifuri. Lakini ukihamishia ncha za multimita kwenye B+ na B-, yaani kwenye seli yenyewe, huenda ukasoma volti 2 na ushei.

Betri hiyo imezuiwa, haijafa. Seli iliposhuka hadi takriban volti 2.4, DW01 iliamuru transista moja ikate, kwa kuwa seli ikiachwa ishuke mno, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na siku itakapochajiwa shaba hiyo inaweza kujijenga upya mahali pasipofaa na kupiga shoti humo humo ndani. Dawa yake ni chaja tu, kwani hata transista ikiwa imekata, umeme wa kuchaji bado hupita kwenye dayodi (njia ya umeme ya upande mmoja tu) iliyo ndani yake, na seli ikipanda bodi hufungua njia yenyewe.

Wapo wanaounga waya kutoka B- hadi P-, yaani hasi ya kutokea, ili kuiruka bodi. Tochi huwaka, mteja hulipa na kwenda zake, lakini ulinzi wa kujaa kupita kiasi nao umeondoka, na hapo ndipo penye hatari ya moto. Bodi hukata chaji kwenye volti 4.3 hivi, ilhali chaja nzuri husimama kwenye 4.2; maana yake bodi huingilia kati pale tu chaja inaposhindwa. Kwa hiyo siafiki taa zinazochajiwa na paneli ya volti 6 kupitia dayodi peke yake, kwa kuwa humo bodi hufanyishwa kazi ya chaja kila siku ya jua.

Kuhusu mkondo, DW01 hupima volti inayopotea kwenye transista, na ikifika takriban 0.15 hukata. Kwa 8205 moja kiwango hicho huwa karibu na ampea 3, hivyo pampu ndogo inayozimika kila inapoanza, kwa kuwa mkondo wake wa kuanzia hupita kiwango hicho, si dalili ya bodi mbovu. Bodi zenye 8205 kadhaa zilizounganishwa sambamba huhimili zaidi.

Kwa taa za wavuvi, ambazo chumvi hula lehemu zake, ipake bodi vanishi kabla ya kuifunga. Na seli za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma (LiFePO4) zisiwekewe bodi hii kabisa: zenyewe hujaa kwenye volti 3.65, nayo ingeziacha zipande hadi 4.3.