Nilivyokwenda kongamanoni na swali moja

Mwaliko wa kongamano la kujitolea ulinikuta nimebaki na watu saba. Miezi mitano kabla ya hapo, kikundi chetu cha kuwafundisha watoto kusoma kilikuwa na vijana 31. Hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna aliyeaga. Walipungua tu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mimi mratibu nikawa nafungua mlango, nafundisha na kufagia.

Ada ya ushiriki ilinishinda. Nikawaandikia waandaaji kwamba niko tayari kufanya kazi mapokezini, mradi waniruhusu kuingia kwenye vikao. Wakakubali mara moja. Kongamano la kujitolea linalokosa wa kujitolea lingekuwa kichekesho. Nikapewa meza ya kugawa beji.

Mimi si mwongeaji. Niache katikati ya ukumbi wa wageni na nitaishia kuangalia viatu vyangu. Lakini pale mezani kila mtu alinifuata mwenyewe, na beji ilinieleza anatoka wapi. Kila aliyeratibu kikundi nilimuuliza: "Wenu huwa wanaacha mwezi wa ngapi?" Wengi walicheka kwanza, kisha wakasogea pembeni kunieleza.

Asubuhi yote ilikwenda kwa hotuba: jinsi Umoja wa Mataifa ulivyoitenga Desemba 5 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kujitolea mwaka 1985, na kwamba 2026 nao umepewa kujitolea mwaka mzima. Nilisinzia kidogo, nikiri.

Mchana ndipo nilipoamka. Mada ilikuwa namna ya kuhesabu saa za kujitolea, na mwezeshaji alianza na maana iliyomo katika mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011: kazi isiyolipwa, isiyo ya lazima, kwa ajili ya watu wasio wa kaya yako. Kila mmoja akapime kikundi chake. Kwenye "isiyo ya lazima" kalamu yangu ikagoma. Mimi ndiye niliyetunga sheria kwamba anayekosa Jumamosi mbili hapati cheti, tena nikiwajua vizuri waliokuja kwa ajili ya hicho cheti.

Nilijitetea kwa mama mmoja jirani yangu, mratibu wa watu wanaotembelea wagonjwa. Watoto wananisubiri, nikamwambia, nitafanyaje? Akasema wagonjwa wake pia husubiri. Yeye humwacha mtu achague siku zake na ataje tarehe ya kumaliza kabla hajaanza. "Mwanangu, anayejua siku ya kuondoka hana haja ya kutoroka."

Niliporudi niliwapigia wote 24. Walipokea 14, na wa kwanza akauliza kama nimempigia kumgombeza. Sikuuliza kwa nini wameacha. Niliuliza wiki ile ya mwisho ilikuwaje. Watano walitaja nauli. Nilikuwa nimechukulia kwamba kutolipwa ni pamoja na kujigharamia, kosa ambalo hadi leo linaniuma kuliko lile la cheti. Siku hizi kopo la michango hulipa nauli kwanza, madaftari baadaye.

Sita wamerudi, tarehe ya kila mmoja ya kumaliza ikiwa ukutani. Mmoja anaondoka mwezi ujao. Jumamosi iliyopita alikuja na mdogo wake, akawa anamwonyesha ufunguo unapowekwa.