Taa ya kilo 65 na mpini wa ufagio

Nimehamisha majokofu, makabati yasiyohesabika na piano moja, lakini kitu kilichonifedhehesha Milan ni taa.

Ilikuwa Arco, ile taa ya kusimama sakafuni yenye mkono wa chuma cha pua uliopinda kama upinde, chini yake pande la marumaru nyeupe ya Carrara. Mimi nikaona taa, nikaishika kama taa. Wapi! Pande lile peke yake lina kilo 65 hivi. Mimi na mwenzangu, Msenegali, tukaliinamia kutafuta pa kushika. Jiwe laini, kona zake zimekatwa zisimuumize anayepita, vidole vinateleza tu. Mara ya pili lilitua karibu na kidole changu cha mguu, nikatoa neno ambalo namshukuru Mungu hakuna pale aliyelielewa.

Mwenye nyumba, bibi wa rika la mama yangu, alikuwa anatutazama tu. Akaenda jikoni, akarudi na ufagio. Nikadhani anataka kufagia. Kumbe! Akauchomeka mpini kwenye tundu la lile jiwe, tundu ambalo mimi nililiona pambo.

Taa hiyo waliibuni mwaka 1962 ndugu wawili wa hapohapo Milan, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, na kampuni ya Flos inaitengeneza hadi leo. Walitaka mwanga ushuke juu ya meza bila kutoboa dari. Wazo walilitoa kwenye taa za barabarani: mlingoti pembeni, mwanga katikati ya njia. Mkono ukapelekwa mbali, kama mita mbili, ili mtu apite na sinia nyuma ya anayekula. Mkono mrefu hivyo bila jiwe zito utapinduka. Na jiwe zito lazima libebeke. Ndiyo maana ya tundu.

Tukavua kwanza kofia ya alumini, tukafungua mkono, halafu jiwe tukalibeba mzegamzega kama wavuvi na papa wao. Ukumbini sawa. Kwenye ngazi za ghorofa ya nne jiwe likaanza kuteleza kwenye mpini kumfuata aliye chini, na aliye chini ni mimi. Tukasimama, nikazungusha kamba ya kufungia makochi mara kadhaa kwenye mpini upande wangu, likatulia.

Nyumba mpya tulitanguliza jiwe mahali pake kabla ya kufunga chochote, maana kulisogeza baadaye ni adhabu. Mkono ukafuata, kofia mwisho, nikaivuta mpaka mwanga ukakaa katikati ya meza.

Nikakunja kamba, nikaelekea mlangoni na ufagio mkononi. Bibi akaudai: sakafu yake tulikuwa tumeijaza vumbi.