Moto ulizimika, mkanda ukabaki

Kwetu Kasarani maji huja Jumanne usiku. Nikisikia bomba likikohoa huamka, nikaweka pipa, nikakaa hapo kando nikingoja lijae. Wiki iliyopita jirani yangu, ambaye pia alikuwa ameamka kuteka, aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana kila Januari huniona nikitoka na buti na begi kubwa la mgongoni, na Machi nikirudi nimekonda na nguo zinanuka moshi. Nikamwambia nawashauri wazima moto wa milimani.

"Kwani moto unazimwa kwa ushauri?"

Pipa lilikuwa limejaa, nikamjibu kwa sentensi mbili na kuingia ndani. Lakini swali lake limenikaa, na jibu lake halitoshi kwa sentensi mbili.

Mimi ni mwanaikolojia. Moto ukizuka ndani ya hifadhi, kama ule wa Mlima Kenya mwaka 2012 au ule wa milima ya Aberdare Februari 2022, hupanda watu wa kila aina: askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walinzi wa KFS, shirika la misitu, skauti wa vyama vya jamii vya misitu, na wanakijiji wenye mapanga na majembe yao wenyewe. Kila moto una mkuu wake, na neno lake ndilo la mwisho. Kazi yangu ni kutembea kando ya huyo mkuu nikiwa na ramani, nimweleze kilicho mbele yetu kabla hatujakifikia. Hapa kuna chemchemi. Hapa chini ya mianzi bongo, yule swala mkubwa wa msituni, huja kulamba chumvi, na bongo wa mlimani waliobaki porini hawafiki 100. Lile pango walijificha wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950, msiweke kambi mdomoni mwake. Yeye ataamua, lakini asiamue bila kujua.

Marekani kazi hii ina cheo chake ndani ya kikosi, na hakuna anayeshangaa kumwona mtu wa mimea na maji akiwa kwenye mkutano wa asubuhi wa wazima moto. Wana sheria ya mwaka 1964 inayolinda maeneo ya pori yaliyotengwa yabaki bila alama ya mashine, kwa hiyo hata msumeno wa injini na tingatinga haviingii humo bila idhini maalumu. Ile dawa nyekundu inayomwagwa na ndege zao ina chumvi za mbolea, na ikiingia mtoni huua samaki. Kwa hiyo marubani wa misitu ya serikali huko wana kanuni ya kukaa futi 300, kama mita 90, kutoka kwenye maji, isipokuwa maisha ya watu yakiwa hatarini. Nilipoanza kusoma mambo haya nilidhani hayatuhusu, sisi tusio na ndege za namna hiyo. Baadaye nikaona jembe nalo, mikononi mwa watu arobaini waliochoka, linaweza kuacha jeraha lisilopona haraka.

Anayeijua Aberdare kwa barabara ya Njabini tu hajaona ninachokisema. Ukipita msitu wa podo na mwangati, ukapita mianzi, ukafika kama mita 3,000, miti inaisha na nyika ya juu inaanza. Nyasi zake huota kwa mafungu, kila fungu kama kichwa cha mtu mwenye nywele nyingi, na katikati ya mafungu ni maji. Kuna lobelia ndefu kuliko mimi, ambazo majani yake hushika maji na usiku maji hayo hugandia juu yakalinda chipukizi la ndani lisife kwa baridi. Kuna senesio za mlimani zinazovaa majani yao makavu shinani kama koti, yazikinge na barafu ya alfajiri. Koti hilo moto hulipenda sana. Na chini ya vyote hivyo kuna udongo mweusi wa mboji iliyorundikana kwa karne nyingi, unaofyonza mvua na ukungu na kuachilia maji pole pole kiangazi chote. Huko ndiko yanakotoka maji ya Chania, ya Sasumua, ya mto Thika unaojaza bwawa la Ndakaini. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi huanzia kwenye milima hiyo. Pipa langu la Jumanne limeanzia kule, kwenye udongo ule.

Udongo ule ukikauka huwaka. Hauwaki kwa mwali. Huungua chini kwa chini, kimya, siku nyingi, halafu unaibukia mahali ambapo kila mtu alishapaona pamezimika.

Sasa mkanda. Kuzuia moto wa nyika, watu hufyeka na kulima ukanda wa udongo mtupu mbele yake ili ukifika ukose cha kula. Ndio tunaouita mkanda. Hakuna njia bora zaidi ukiwa huna maji ya kutosha, na sijawahi kumwambia mtu asikate mkanda. Swali ni wapi, na unaelekea wapi.

Mwaka wangu wa kwanza nilifika siku ya tatu ya moto. Nilikuta mkanda tayari, upana wa hatua nne, umeshuka mteremko moja kwa moja kama mita 300 hadi kwenye kijito. Ulikuwa umefanya kazi yake, moto ulikuwa umesimama. Vijana walioukata walikuwa wamelala juu ya majembe yao, nyuso nyeusi, mmoja amefungwa kitambaa mkononi alipoungua. Niliutazama ule mkanda nikajua utafanya nini mvua ikija. Sikusema kitu. Niliona aibu, mimi niliyefika na buti safi, kuwaamsha watu wale niwaambie kazi yao ina kasoro. Nikaandika tu daftarini, nikateremka nao.

Nilirudi mwisho wa Aprili, mvua za masika zimekolea. Pale moto ulipopita palikuwa kijani. Kila fungu la nyasi lilikuwa limechipua katikati, majani membamba laini, na ndege wadogo wa nyasi walikuwa wameanza kurudi. Mkanda haukuwa na hata unyasi mmoja. Ulikuwa mfereji. Nilipiga magoti nikaingiza mkono, ukazama hadi kiwiko, na chini yake maji yalikuwa yanakimbia rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Kwenye kijito mawe yote yalikuwa yamefunikwa tope jembamba la kijivu. Katika maji safi ya mlimani ukigeuza jiwe hukosi viluwiluwi vya wadudu wameng'ang'ania upande wa chini. Niligeuza mawe kumi. Mawili tu yalikuwa na uhai. Nilikaa pale kwa muda mrefu, na niliyemlaumu hakuwa yule kijana wa kitambaa. Yeye alizima moto. Mimi ndiye niliyejua na nikanyamaza.

Tangu siku hiyo sisubiri kuitwa. Desemba, kabla ya kiangazi, huenda nikaketi na skauti wa pande zote ninazofanyia kazi, tukachora wapi pana chemchemi na wapi udongo ni mwepesi. Ramani ya simu hailingani na mtu aliyechunga ng'ombe kwenye mteremko huo akiwa mtoto.

Kiangazi kilichofuata moto ulizuka tena, upande mwingine wa mlima. Chanzo kilisemekana ni mrina asali aliyeacha mwenge wake chini ya mti, na naamini, maana hutokea mara nyingi. Nilifika alfajiri pamoja na kikosi. Saa mbili asubuhi mkuu alinyoosha mkono kuonyesha mkanda upite wapi, na ulikuwa ni ule ule: moja kwa moja hadi mtoni.

"Afande, naomba dakika tano."

"Madam, moto hauna dakika tano."

"Huu unazo. Umande bado haujakauka na upepo wa kupanda huanza saa tano. Tukikata hapa tutauzima, lakini masika yote yatashuka humu humu hadi mtoni."

Alinitazama. "Haya, tukate wapi?"

Na hapo nikakwama. Nilikuwa na ramani, nilikuwa na sababu, sikuwa na mahali. Mshauri anayesema "si hapa" bila kusema "pale" anamwongezea mkuu mzigo, na mkuu ana haki ya kumpuuza. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa skauti, aliyekuwa amechutama akinoa panga lake. Alisema bila kuinua macho, "Kuna njia ya ndovu hapo juu. Inazunguka kilima hadi kwenye mawe."

Tulipanda tukaiona. Ndovu hawapendi kushuka mteremko mkali, hufuata mgongo wa kilima, na miguu yao ilikuwa imeshafanya nusu ya kazi: ukanda wa udongo ulioshindiliwa, upana wa mabega mawili, ukizunguka kilima bila kushuka. Tuliupanua tu. Kisha mkuu akawasha moto mdogo kutoka ukingo wa njia ile ukaende kukutana na ule mkubwa, na saa sita mchana yote miwili ilikosa chakula. Mara moja uliruka njia, vijana wakaupiga kwa matawi mabichi hadi ukafa.

Baada ya hapo ndiyo ikaja kazi ninayoipenda kuliko zote, ingawa haina shangwe. Yule mzee alinifundisha kuvua glavu na kupapasa ardhi kwa mgongo wa mkono, kwa sababu ngozi ya huko huhisi joto upesi kuliko kiganja, na ukiungua bado kiganja chako kinashika jembe. Tulitembea safu, hatua kwa hatua, tukipapasa. Palipokuwa na joto tulichimba, tukamwaga maji ya pampu ya mgongoni, tukakoroga kama uji, tukapapasa tena. Siku moja na nusu. Sehemu moja karibu na shina la senesio joto lilikuwa chini kwa urefu wa mkono wangu wote. Juu yake palikuwa na nyasi mbichi.

Kuhusu maji ninakuwa mkali, na sijali nikiitwa msumbufu. Nimewahi kukuta dumu la petroli la pampu limewekwa juu ya jiwe katikati ya kijito, limeinama, linadondoka tone kwa tone, na juu ya maji rangi zile za upinde zinaenda zao bondeni. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, kijana alitaka tu lisipate moto. Siku hizi ninapima mwenyewe hatua mia kutoka majini, naweka turubai chini, na dumu linakaa hapo. Choo cha kambi vilevile. Kuni za kambi tunapanda nazo kutoka chini. Mti wa erika unaoota polepole hivyo, ambao kazi yake kwenye ukungu ni kuuchuja na kuudondosha ardhini, hauwezi kuishia chini ya sufuria ya ugali.

Siku ya mwisho kila mtu alitaka kwenda nyumbani, na nani angewalaumu. Niliomba watu kumi na wawili kwa nusu siku. Mkuu alinipa, akabaki na yeye. Tulirudisha mapande ya nyasi tuliyoyang'oa, mizizi chini, tukayakanyaga yashike. Kisha kila baada ya hatua kumi na tano, pale njia ilipoinama kidogo, tukajenga kigongo cha mawe na udongo, cha kukatiza kwa mshazari, ili maji yakija yatoke pembeni yaingie kwenye nyasi yasipate nafasi ya kukimbia. Vijana waliuliza maswali mengi. Mmoja alisema kwao Kinangop shamba la mama yake lina shida hiyo hiyo, akapima kigongo kwa mpini wa jembe akakariri vipimo.

Jumanne hii, nikiwa bado nangoja maji, simu iliita. Alikuwa yule mzee.

"Madam, huku imenyesha siku tatu. Nimepanda kuangalia."

"Ikoje, mzee?"

"Kigongo cha kwanza kimebomoka kidogo, ng'ombe wamepita. Nimekirudishia mawe. Hivyo vingine vimeshika. Nyuma ya cha tatu maji yamesimama, na ni meupe, naona hadi chini."

Nilimwomba anipigie picha. Akasema kuna ukungu, atajaribu kesho asubuhi.