Nilivyoponea kwenye mradi wa fani nne (na neno "kaya" lilivyotaka kutuvunja)

Mi niliingia kwenye ule mradi nikidhani ugomvi utakua wa nadharia. Nikajiandaa kabisa, nikasoma habari za C. P. Snow, yule mwanasayansi na mwandishi wa Uingereza, na ile hotuba yake ya 1959 kuhusu tamaduni mbili, ya wanasayansi upande huu na watu wa fasihi upande ule, nikasema sawa, naenda kukaa na watu wasioelewana lugha. Kumbe lugha ilikua shida ndogo. Shida ilikua jina la nani linaanza, hela zinakaa kwa nani, na nani ana ruhusa ya kugusa dodoso.

Tulikua tunaangalia familia zinavyobadilika vijana wakihama kutafuta kazi. Alikuepo mchumi, mtu wa takwimu, wanaanthropolojia wawili, mwanahistoria, na mimi mratibu, PhD bado mbichi, cheo sina, yani ile nafasi ya kutumwa na kila mtu na kulaumiwa na kila mtu.

Moto uliwaka kwenye neno kaya. Kwa mchumi kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, ndo ilivyozoeleka kwenye tafiti za namna hiyo, na raundi ya kwanza alishakusanya hivyo. Wanaanthropolojia wakarudi uwandani wanasema kaya yenu haina mwenyewe, anaeamua mtoto aende shule au shamba liuzwe ni mtu anaelala mbali kabisa na kwenye fomu hayumo. Mchumi akajibu nikibadili maana raundi ya pili sina cha kulinganisha na ya kwanza, na bila kulinganisha hayo mabadiliko nayapimaje? Mwanahistoria nae akachomekea, kwani nani kawaambia mabadiliko yalianza siku mlipoanza kuhesabu nyie, watu wanahama tangu enzi za mababu. Wote walikua sahihi, na hapo ndo panapochosha.

Mikutano mitatu tukazunguka palepale. Nikaamua basi, hakuna kikao cha wote, nikamfuata mmoja mmoja na swali moja tu: ni kitu gani ukikikosa huwezi kuchapisha? Watu wakiwa peke yao hawana wa kumuonyesha ubabe, wanajibu kifupi. Mchumi anataka orodha yake ya zamani isiguswe, wanaanthropolojia wanataka yule wa mbali aonekane, mwanahistoria anataka tuulize baba na babu waliishi wapi. Sasa hivyo mbona vyote vinaingia! Orodha ya zamani tukaiacha kama ilivyo, tukaongeza ukurasa wa wasiolala hapa ila wana sauti, na maswali matatu ya vizazi. Dodoso likawa refu, wadadisi wakalalamika na walikua na haki, ikabidi tupunguze idadi ya kaya ili bajeti itoshe, mtu wa takwimu akaninunia wiki nzima.

Mambo ya data sikuyapatia sana. Mchumi alitaka kila kitu kiwekwe wazi, wanaanthropolojia wakagoma kwasababu sehemu ndogo mtu anatambulika hata ukimfuta jina. Namba zikawekwa wazi, mahojiano yakafungiwa, yakaisha hivyo.

Majina sasa. Wachumi wengi wanajipanga kwa alfabeti, kwenye sayansi za afya wa mwisho ndo mkubwa, wanaanthropolojia wamezoea kuandika peke yao. Jina langu linaanza na W, kwahiyo kwa alfabeti ningekua wa mwisho milele na mtu wa afya akisoma angedhani mimi ndo bosi wa mradi 😂 Nikachukua orodha ya CRediT, ya kuonyesha nani kafanya nini kwenye makala, ile yenye majukumu 14 kuanzia kubuni wazo mpaka kutafuta hela, nikataka kila mtu ajaze kabla hata sentensi moja ya makala haijaandikwa. Kigingi kilikua profesa alietuletea ufadhili, yeye anataka jina lake kila mahali, wakati kwa miongozo ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kutafuta hela peke yake hakumfanyi mtu kua mwandishi. Mimi nani wa kumwambia? Nikampa ile karatasi nikamuomba aitambulishe yeye kwenye kikao kama mwenyekiti. Akaisoma mbele ya watu, akafika kwenye kipengele cha kutafuta hela, akanyamaza kidogo, akaendelea. Makala ya pili aliandika sehemu nzima ya mbinu, kwa mkono wake mwenyewe.

Aliebaki ni mwanahistoria. Yeye anapandishwa cheo kwa kitabu, makala yenye majina sita haimsaidii kitu. Hilo hakuna orodha inayolitatua, kwahiyo tukakubaliana mambo ya mababu ayaandike peke yake kitabuni na sisi atutaje kwenye shukrani. Mchumi akauliza shukrani zinahesabiwa pointi ngapi.