Nipeni Albamu Nzima

Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zimetupa nyimbo nyingi kuliko kizazi chochote kilichotutangulia, lakini kwa maoni yangu zimetupunguzia uwezo wa kukaa na kazi moja ya msanii hadi mwisho wake. Sisemi hivi kwa kuichukia teknolojia. Muziki uliorekodiwa ni zao la teknolojia tangu Thomas Edison alipounda fonografu mwaka 1877, na kila kifaa kilichofuata kimekuwa na mkono wake katika umbo la nyimbo tunazozipenda.

Tuangalie urefu wa wimbo. Santuri za zamani za inchi 10, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu za sauti kila upande, kwa hiyo mwanamuziki mwenye wimbo mrefu alilazimika ama kuukata ama kuugawa pande mbili. Mazoea ya dakika tatu yakabaki hata baada ya sababu yake kuondoka. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilipoleta santuri ndefu, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande, wasanii walipata nafasi ya kupanga nyimbo zao kama kazi moja: wimbo wa kufungulia, wimbo wa kutuliza, wimbo mzito wa kufungia upande wa kwanza, kisha kimya kidogo msikilizaji anapoinuka kuigeuza. Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka 1963, iliurithi mpangilio huo. CD ilipoanza kuuzwa mwaka 1982 ikaondoa pande mbili, lakini nyimbo zilibaki katika mfuatano aliouchagua msanii.

Leo kipimo ni kingine. Spotify, mojawapo ya huduma hizo za mtandaoni, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30 tu, na kwa kuwa malipo yanafuata hesabu hiyo, mtunzi ana kila sababu ya kuhofia utangulizi mrefu wa ala. Athari yake naisikia waziwazi: kiitikio kinakuja mapema mno, wakati mwingine hata kabla ya ubeti wa kwanza, na gitaa ambalo zamani lingepewa muda wa kutuandaa linapewa sekunde chache za kupita. Simlaumu mtunzi, kwa maana naye anataka kula kutokana na kazi yake. Ninalolipinga ni kupima thamani ya wimbo kwa sekunde zake za mwanzo, kana kwamba msikilizaji ni mtu wa kunaswa kabla hajakimbia.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo kubwa la muziki wa kidijitali ni ubora wa sauti, na hapo sikubaliani nao. Ni kweli kwamba MP3, mfumo ambao wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walishiriki sana kuujenga, hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui vizuri, hasa zile zinazofunikwa na sauti nyingine kubwa zaidi. Faili za zamani zilizobanwa kupita kiasi ziliharibu mlio wa matoazi, na kila aliyekuwa na masikio aliusikia uharibifu huo. Hata hivyo, faili za leo zenye ubora wa juu zinatosha kabisa kwa wengi wetu, na mtu anayesikiliza kwa makini kupitia spika ya kawaida hupata mengi kuliko mwenye vifaa vya gharama kubwa anayezungumza na simu wakati wimbo ukiendelea.

Sidai kwamba kila muziki usikilizwe kwa kukaa kitako. Nikifua au nikipanga vyombo, nyimbo zozote zenye mwendo mzuri zinanifaa, na orodha iliyopangwa na programu inafanya kazi hiyo vizuri sana. Nikiandika, sitaki maneno ya mtu mwingine masikioni, kwa hiyo huchagua ala tupu. (Kwa wanaovaa visikilizi kutwa nzima, Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na simu nyingi siku hizi zinaweza kukupimia.) Shida huanza pale ambapo muziki wa kusindikiza kazi unakuwa ndio muziki pekee tulio nao, na albamu nzuri inapoisha programu inaunganisha papo hapo wimbo mwingine unaofanana nayo, hata ule wimbo wa mwisho haupati nafasi ya kutulia moyoni.

Mwaka 2021 mwimbaji Mwingereza Adele aliiomba Spotify isifanye kuchanganya mpangilio wa nyimbo kuwa chaguo la kwanza kwenye kurasa za albamu, naye akakubaliwa. Mabadiliko hayo yalinifurahisha sana, kwa kuwa yalithibitisha kwamba mpangilio wa nyimbo ni sehemu ya utunzi. Ningependa huduma hizi ziendelee mbele zaidi. Uchezaji wa kujiendeleza uwe umezimwa tangu mwanzo, na anayeutaka auwashe mwenyewe. Majina ya wapiga ala, waitikiaji na mafundi wa studio yawekwe mahali pa wazi, kama yalivyokuwa yakichapishwa kwenye majalada ya santuri nyingi, badala ya kufichwa nyuma ya vitufe viwili au vitatu. Mpiga besi aliyeubeba wimbo mzima mgongoni anastahili jina lake lisomwe na mtu anayeusikiliza, wakati uleule anaousikiliza.