Kisanduku Kilichokaa Kati ya Injini na Kompyuta Yake

Leo nimekitoa kwenye gari langu kile kisanduku cha kurekebisha mafuta. Hakikuwa kibovu, na ndiyo maana kazi hii nimeipiga kalenda muda mrefu, maana mkono husita kung'oa kitu kinachowaka vizuri. Kila nikizungusha ufunguo, kioo chake kidogo kiliwaka, tarakimu zikacheza, nami nikaendelea na safari zangu.

Lakini kazi iliyokileta ilishakwisha. Aliyekuwa na gari hili kabla yangu alifunga injekta (vile vinyunyizio vya petroli vya injini) kubwa kuliko za kiwandani, kisha akafunga kisanduku ili petroli isimwagike kupita kiasi. Injekta za kiwandani zilirudishwa zamani. Kisanduku kikabaki kimewekwa sifuri kila mahali, kikipokea taarifa mlango huu na kuitoa mlango wa pili.

Ujanja wake ni mzuri, siwezi kukataa. Injekta zenyewe hakizigusi kabisa. Kinakaa kwenye waya wa sensa ya hewa, ile inayopeleka kwa kompyuta ya injini volti kati ya 0 na 5: hewa ikiongezeka, volti zinapanda. Kisanduku kinazidaka volti hizo njiani, kinazipunguza kwa asilimia uliyochagua, kisha kinazipeleka kwa kompyuta kana kwamba zimetoka moja kwa moja kwenye sensa. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inafungua injekta kwa muda mfupi zaidi, petroli inapungua.

Kinachonikera ni kwamba kompyuta haiitumii taarifa hiyo kwa petroli peke yake. Kwa namba hiyohiyo inapima mzigo wa injini na kupanga plagi zirushe cheche lini. Ukiidanganya kwamba mzigo ni mwepesi, inawahisha cheche, na huku ndani ya silinda hewa imejaa tele. Ukipanda mlima umekanyaga mafuta, injini inaweza kuanza kugonga. Kwa hiyo anayepunguza petroli kwa njia hii amegusa na cheche, atake asitake, na kile kioo hakimwambii. Mafundi wengi wanaovisifia visanduku hivi huishia kwenye petroli tu.

Halafu kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Ukienda mwendo wa kawaida, kompyuta inaisikiliza na kuurudisha mchanganyiko karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Basi ulichokipunguza wewe, yenyewe inakirudisha kidogokidogo na kukiandika kwenye kumbukumbu yake. Ni watu wawili wanaovuta kamba moja, kila mmoja akidhani mwenzake hayupo. Ukikanyaga mpaka mwisho, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa ile, na hapo ndipo kisanduku kinabaki na usemi wake wote.

Kazi yenyewe ilianza kwa kuchomoa hasi ya betri. Kisha nikalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, nikitafuta jambo moja: waya upi ulikatwa, na upi uliungiwa tu ubavuni. Umeme, erthi, mizunguko ya injini na nafasi ya kanyagio vilikuwa vya kuungia ubavuni, hivyo unaondoa kiungo na kufunika jeraha. Waya wa sensa ya hewa ndio uliokatwa kabisa ili kisanduku kiingie katikati. Ukichomoa plagi ya kisanduku ukaondoka bila kuziunganisha ncha zake mbili, kompyuta haipati habari yoyote ya hewa, na injini inaweza kuwaka kidogo ikazima.

Rangi hazikunisaidia. Aliyefunga alitumia waya mweusi kwa kila kitu (sijui watu wa namna hii huwa wanamkomoa nani). Nikafungua mchoro wa plagi ya kompyuta, nikaweka multimita, kile kipimo cha umeme, na kufuata kila ncha mpaka kwao.

Viungo vyenyewe vilikuwa vile vibanio vya plastiki vyenye wembe wa chuma ndani, vinavyong'ata waya bila kuuchubua. Vinapendwa kwa sababu ni vya haraka. Nilipokifungua cha waya wa mizunguko, nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika na zilizobaki zimeota kutu ya kijani. Kipande hicho nimekikata chote na kuweka kipya. Wapo wanaosema kwenye gari usilehemu, ubane tu, kwa sababu mtikisiko huvunja waya pale lehemu inapoishia. Hoja yao ina uzito, ila kwa waya mwembamba wa sensa, mahali ambapo naweza kuufunga kwenye fungu la wenzake usicheze, nimelehemu na kuuvika mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu sikutaka hata kuiona, ya zamani ilishageuka gundi mikononi mwangu.

Multimita ilisoma chini ya ohm 1 kutoka plagi ya sensa mpaka plagi ya kompyuta. Nikarudisha betri. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilipanda na kushuka mwanzoni, jambo la kawaida kompyuta ikishasahau ilichokuwa imejifunza, kisha ikatulia. Baada ya kuliendesha nimechomeka mashine ya kusomea kompyuta, na masahihisho ya petroli (kile ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza yenyewe) yanachezacheza karibu na sifuri. Zamani yalikuwa yanaegemea upande wa kuongeza, ingawa kisanduku kilidai hakibadilishi kitu.

Kioo chake nitakikosa kidogo, hasa usiku. Nikipata mtu wa kumpa kisanduku, kwanza nitamweleza habari ya cheche. Petroli ya tangi hili ikikaribia kwisha nitafungua plagi za cheche nione rangi yake. Zikiwa nyeusi, yaani petroli bado ni nyingi, nitakayemfuata baadaye ni sensa ya oksijeni.